DAWA ZA KUONGOZA MIMEA, NA TUNDA MOJA LA MAREKANI



Wakati wa vakansi mama mudogo wangu alinionyesha kichupa kidogo akasema: «Mwanangu, wewe njo unasoma bio-shimi, nisomee hii.» Alikuwa amekinunua ku soko. Muuzaji alimwambia kwamba ni vitamini ya mimea, na kwamba kila kitu kitakachonyunyiziwa kitazaa mara mbili. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya siafu, na nilitambua neno moja tu: gibberellic. Mama mudogo alikuwa amekwisha kuijaribu juu ya tomati zake. Miti ilipanda haraka sana, wiki mbili tu, majirani wakastaajabu. Kisha ikawa myembamba kama kamba, majani yakapoteza rangi, na mvua ya kwanza ikailaza yote chini. Maua yalikuwa machache. Swali lake lilikuwa hili: kosa ni langu, ama ni la dawa, ama ni la yule aliyeniuzia?

Sikuwa na jibu. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa biolojia. Yeye hakuanza na tomati. Alianza na tunda ambalo hakuna hata mmoja katika kalasi yetu aliyekwisha kuliona kwa macho. Tulidhani anatuchezea. Alisema: «Mukielewa tunda hili, mutaelewa kichupa.» Nimeandika hapa yale aliyotufundisha, pamoja na yale niliyosoma nyuma.

Tunda lenyewe linaitwa kwa Kifaransa canneberge, kwa Kiingereza cranberry, nasi tutasema kranberi. Wataalamu wanaliita Vaccinium macrocarpon. Ni tunda dogo, jekundu, chungu-chungu, ukubwa wa ncha ya kidole, na ndani yake kuna vyumba vinne vyenye hewa. Kwa sababu ya hewa hiyo linaelea juu ya maji. Asili yake ni Amerika ya Kaskazini. Linalimwa zaidi kule Marekani, katika jimbo la Wisconsin ambalo peke yake linatoa zaidi ya nusu ya mavuno ya nchi ile, kisha Massachusetts, New Jersey, Oregon na Washington. Kanada pia wanalima, zaidi katika Quebec. Wamarekani hulila hasa pamoja na nyama ya dendo, siku yao ya kushukuru ya mwezi wa kumi na moja. Wengine hulinywa kama maji ya matunda, na siku hizi linauzwa sana likiwa limekaushwa na kutiwa sukari.

Msifikiri kwamba ni muti mkubwa kama avoka. Kranberi inatambaa chini kama viazi vitamu. Ina matawi marefu yanayolala, na juu ya matawi hayo kunaota vijiti vilivyosimama, urefu wa kidole au wa kiganja. Maua na matunda yako ku hivyo vijiti vilivyosimama. Udongo wake ni wa tindikali na wenye majimaji, na juu yake wakulima wanamwaga mchanga. Jambo la mchanga liligunduliwa na mutu mmoja aliyeitwa Henry Hall, kule Dennis katika Massachusetts, karibu mwaka wa 1816: aliona kwamba pale upepo ulipoleta mchanga juu ya kranberi za porini, hazikufa, bali zilisitawi zaidi. Tangu wakati ule hata leo wanaweka mchanga.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa njo penye fundo la mambo yote. Kijiti kimoja cha kranberi kinatoa maua machache, labda matatu, labda matano au saba. Lakini maua mengi yanaanguka bure. Mara nyingi tunda moja ama mawili tu yanabaki. Mkulima anayaona maua yake mwezi wa sita, anafurahi, na mwezi wa tisa anahesabu: theluthi tu imekuwa matunda, au zaidi kidogo. Na kuna jambo la pili. Wakati tunda la mwaka huu linanenepa, mwezi wa saba na wa nane, ni wakati uleule kijiti kinatengeneza macho ya maua ya mwaka ujao. Macho hayo yanalala wakati wote wa baridi, na yanafunguka mwaka unaofuata. Basi kijiti kina kazi mbili kwa chakula kimoja: kulisha mtoto aliye mgongoni na kumtayarisha yule atakayekuja. Watafiti wa Marekani waliona kwamba kijiti kilichozaa mwaka huu, mara nyingi mwaka ujao hakizai.

Mukishika haya mawili, maua yanayoanguka na macho ya mwaka ujao, mutaweza kufuata yaliyobaki.

Kila mmea unajiongoza kwa vitu vidogo sana unavyovitengeneza wenyewe, vinavyoitwa homoni. Kiasi chake ni kidogo mno lakini nguvu yake ni kubwa, kama neno moja la prefe linavyosimamisha kalasi nzima. Charles Darwin na mwana wake Francis waliandika mwaka wa 1880 juu ya miche ya majani inayojipinda kuelekea mwangaza. Walipofunika ncha, mche haukujipinda. Basi ncha inatuma kitu chini. Mwaka wa 1926 Mholanzi Frits Went, kule Utrecht, alifaulu kukikamata kitu hicho ndani ya kipande cha agari. Ni oksini. Mwaka wa 1901 Mrusi Dimitry Neljubow alikuwa ameona kwamba mbegu zake za pizi zinaota vibaya, zimefupika na kujipinda, sababu ya gazi ya taa iliyovuja ndani ya laboratware. Kilichofanya hivyo ni etileni. Na kule Madison, ndani ya Wisconsin yenyewe, Folke Skoog na Carlos Miller walitangaza mwaka wa 1955 kitu kinachofanya seli zigawanyike. Walikipata ndani ya ADN ya zamani ya mbegu za samaki. Ndiyo ukoo wa sitokinini.

Lakini ile ya kichupa cha mama mudogo ina historia yake, na mimi njo inanipendeza kupita zote. Wakulima wa mupunga kule Japani walikuwa na ugonjwa mmoja. Miche mingine ilikuwa ndefu kupita wenzake, myembamba, ya rangi hafifu. Ikaanguka, na mara nyingi haikuzaa. Waliuita bakanae, maana yake «mche mjinga». Mwaka wa 1926 Eiichi Kurosawa, aliyefanya kazi Taiwan, alionyesha kwamba ugonjwa unaletwa na kitu kinachotoka ndani ya kuvu. Alichuja maji ambamo kuvu lilikua, akayamwaga juu ya miche mizima, nayo ikawa mijinga vilevile, ijapokuwa kuvu lenyewe halikuwamo. Kuvu hilo liliitwa Gibberella, na mwaka wa 1935 Teijiro Yabuta akakiita kitu hicho giberelini. Nyuma walitambua kwamba mimea yote mizima inayo giberelini yake, kwa kiasi. Ugonjwa ni ile ya kupita kiasi.

Niliposoma habari ya mche mjinga niliziona palepale tomati za mama mudogo.

Turudi kwa kranberi. Katika miaka ya 1950 giberelini ilianza kutengenezwa kwa wingi ndani ya viwanda. Wakulima wa zabibu wa California waliipata faida kubwa: zabibu zisizo na mbegu zilikuwa ndogo, wakazinyunyizia giberelini, zikanenepa. Hata leo wanafanya hivyo. Basi watafiti wa kranberi wa Massachusetts na New Jersey wakajiuliza katika miaka ya 1960: maua yetu yanaanguka, kama tukiyanyunyizia giberelini, hayatashika? Si ndiyo?

Wakajaribu. Na kweli, yalishika. Hapa tusiidharau dawa: ilifanya kazi yake. Maua yaliyonyunyiziwa yakawa matunda mengi kupita yale ambayo hayakunyunyiziwa. Ua linashika hata kama nyuki hakupita, sababu giberelini inadanganya kifuko cha mbegu kwamba mbegu zimekwisha kuingia.

Lakini matunda yalikuwa madogo. Ndani ya kranberi mbegu njo zinaita chakula. Tunda lenye mbegu nyingi linakuwa kubwa, lenye mbegu chache linabaki dogo. Tunda lililoshikishwa kwa udanganyifu halina mbegu, au lina mbili tatu, basi linavuta chakula kwa udhaifu. Na hata lingeweza kuvuta, chakula cha kijiti ni kilekile. Hujaongeza majani wala jua. Umeongeza watoto mezani tu. Nimejaribu kufanya hesabu: kama kijiti kilikuwa na tunda moja la gramu 2, na sasa kina matunda mawili ya gramu 1, mkulima amepata nini? Amepata kazi ya kupanga matunda madogo ambayo mnunuzi hayataki.

Tena matawi yalirefuka kama ule mupunga wa Japani. Shamba la kranberi likiwa na matawi marefu sana linajifunika lenyewe. Jua haliingii chini, nyuki hawaoni maua, kuvu linapenda giza na maji. Na jambo zito kupita yote: mwaka uliofuata, macho ya maua yalikuwa machache. Giberelini inaamuru ukuaji, na mmea unaoamriwa kukua urefu unasahau kutengeneza macho ya maua. Hilo si kwa kranberi tu, linajulikana kwa miti mingi ya matunda. Mkulima aliyefurahi mwaka wa kwanza alilia mwaka wa pili. Kranberi ikipandwa inakaa ndani ya shamba miaka makumi mengi, haing'olewi kila mwaka kama tomati. Basi hesabu ya mwaka mmoja inamdanganya mutu.

Ndiyo sababu giberelini haikuwa desturi katika mashamba ya kranberi, ijapokuwa ilifaulu kwa zabibu. Mwalimu alisimama sana hapa, akatuuliza: tofauti ya zabibu na kranberi ni nini? Mwenzetu mmoja wa nyuma akajibu vizuri: zabibu zile tangu asili hazina mbegu, tena mkulima anakata matawi na kupunguza vishada, basi chakula kinatosha kwa zile zinazobaki. Dawa ni ileile, muti ni mwingine.

Sasa habari ya rangi. Hapa wasomaji wa Kivu mutaelewa upesi kupita Wamarekani wenyewe.

Nani kati yetu hajaona babu akiivisha ndizi za kasiksi? Anachimba shimo, analitandika majani ya migomba, anaweka ndizi mbichi, anafunika, na wengine wanaingiza moshi. Siku chache zikipita, ndizi zote zimeiva pamoja. Watu husema ni joto. Joto linasaidia, lakini bwana mkubwa wa kazi ile ni etileni: iko ndani ya moshi, na ndizi inayoanza kuiva inaitoa yenyewe, nayo inaiambia jirani yake iive. Shimo linaizuia gazi isikimbie. Babu zetu hawakuwa na neno «etileni» lakini walikuwa na shimo.

Mkulima wa Massachusetts ana shida ya namna hiyo. Kranberi yake inaanza nyeupe, kisha inapata rangi nyekundu katika mwezi wa tisa na wa kumi, usiku unapoanza kuwa wa baridi na jua la mchana lingalipo. Rangi hiyo ni antosiani, ndugu ya ile iliyo ndani ya maua ya ibiskisi. Kiwanda cha maji ya matunda kinapenda nyekundu sana na kwa miaka mingi kililipa zaidi kwa rangi. Lakini mkulima akingoja rangi mpaka mwisho, barafu ya usiku inaweza kuharibu tunda. Akivuna mapema, ana tunda jeupe. Anataka rangi ije wiki mbili mbele.

Etileni inaweza kuharakisha rangi. Lakini huwezi kuchimba shimo la hektari kumi! Na ukifungulia gazi shambani, upepo unaichukua. Wataalamu wa shimi walipata njia: etefoni. Ni kitu cha maji, kinachotulia wakati maji yake ni ya tindikali kali. Kikiingia ndani ya jani au tunda, ambamo tindikali ni hafifu, kinavunjika chenyewe, na kinachotoka ni etileni. Kwa wale wa bio-shimi: ni suala la pH tu, chini ya 4 hivi kinalala, juu yake kinaamka. Mimi naona ni uvumbuzi wa akili sana. Ni shimo la babu ndani ya tone la maji.

Katika miaka ya 1960 mwishoni na 1970, watafiti waliijaribu juu ya aina ya Early Black kule Massachusetts, na antosiani iliongezeka. Lakini jaribio shambani halifuati daima lile la kalasi. Majani ya kranberi yamesongamana. Dawa inagusa matunda ya juu, ambayo jua limekwisha kuyapa rangi, na yale ya chini, yaliyo meupe, hayaguswi. Kisha etileni haina kazi moja. Ileile inayoita rangi inaweza pia kulegeza tunda na kuliangusha, kama inavyolegeza ndizi. Na mwaka wenye joto si sawa na mwaka wenye baridi. Mwishoni wengi waliona kwamba njia rahisi ni kupanda aina ya mbegu inayopata rangi mapema yenyewe. Tena soko limegeuka: kiwanda cha kukausha kinataka tunda kubwa na gumu, hakishughuliki sana na wekundu wa mwisho.

Kuna dawa nyingine za ukoo huu ambazo zimebaki kazini. Ile 2,4-D ni oksini iliyotengenezwa na watu katika miaka ya 1940. Kidogo inakuza, nyingi inaua, sababu majani mapana yanakua ovyo-ovyo mpaka yanajichosha na kufa, lakini mahindi na majani membamba hayaumii sana. Shida: kranberi nayo ina jani pana! Ukinyunyiza shamba lote utaua mwenyeji pamoja na mwizi. Basi wanangoja magugu yapande juu ya kranberi, halafu wanayapaka dawa kwa kitambaa au sponji iliyolowa, bila kugusa yaliyo chini. Kazi ya uvumilivu, lakini inafaa.

Sasa nifike kwa habari iliyomfanya mwalimu achague tunda hili, maana ilitikisa nchi nzima.

Mwaka wa 1959 wakulima wengine wa kranberi walikuwa wakitumia dawa ya kuua magugu inayoitwa aminotriazoli. Hii si homoni, lakini nayo inaingia ndani ya mmea na kuvuruga kazi yake, majani yanageuka meupe. Ruhusa ya serikali ilikuwa wazi: inyunyizwe baada ya mavuno tu, ili isibaki ndani ya tunda. Wengine hawakungoja. Wakati huohuo, panya waliolishwa dawa hiyo ndani ya laboratware walipata uvimbe wa tezi ya shingo, na sheria ya mwaka wa 1958 ilikataza ndani ya chakula kitu chochote kinachojulikana kuleta kansa kwa wanyama. Tarehe 9 Novemba 1959 waziri wa afya wa Marekani, Arthur Flemming, alitangaza kwamba dawa imeonekana ndani ya kranberi za Washington na Oregon. Waandishi wakamwuliza: mama wa nyumbani afanye nini? Akajibu kwamba kama hawezi kujua tunda limetoka wapi, heri asinunue.

Hesabuni wenyewe: siku ya kushukuru ilikuwa tarehe 26. Zilibaki siku kumi na saba. Maduka yaliondoa mikebe, mikahawa ikafuta kranberi, hata ku ikulu ya rais Eisenhower mezani waliweka sosi ya pome badala yake. Nixon na Kennedy, ambao wote wawili walikuwa wakitafuta kura, walipita Wisconsin. Mmoja akala kranberi mbele ya watu, mwingine akanywa maji yake, ili kuwatuliza wakulima. Serikali ilipima matunda mengi, na sehemu kubwa sana ilikuwa safi. Lakini hasara ilikuwa imekwisha kuingia. Wakulima wa Wisconsin na Massachusetts, ambao wengi wao walifuata maandishi ya chupa neno kwa neno, walipoteza soko la mwaka pamoja na wale ambao hawakufuata. Nyuma yake serikali ililipa fidia.

Tulibishana sana juu ya jambo hili ndani ya kalasi. Wengine walisema waziri alikosea, angengoja vipimo viishe. Wengine wakasema hapana, mutu akijua kuna sumu, ikiwa hata kidogo, hana ruhusa ya kunyamaza wakati watu wanakula. Mimi niko upande wa pili, lakini nakubali kwamba yule mkulima aliyefuata sheria alionewa, na si na waziri. Alionewa na jirani yake aliyenyunyiza mbele ya wakati. Matunda yakiingia ndani ya ghala moja, hakuna anayejua lipi ni la nani.

Habari kama hiyo ilirudi miaka thelathini nyuma, safari hii kwa dawa ya kuongoza ukuaji hasa. Ni daminozidi, iliyouzwa kwa jina la Alar. Kazi yake ni kinyume cha giberelini: inafupisha muti na kulishikilia tunda lisianguke mbele ya siku. Ilijaribiwa kwa kranberi pia, lakini kazi yake kubwa ilikuwa juu ya pome. Mwaka wa 1989 ilitangazwa kwamba inapopikwa au kuvunjika inatoa kitu kinachoweza kuleta kansa. Wazazi walimwaga maji ya pome, na mwaka uleule dawa ikaondolewa kwa mazao yote ya chakula kule Marekani. Bado inatumika kwa maua ya mapambo, ambayo hakuna anayeyala.

Mutauliza: basi wakulima wa kranberi wanaishi namna gani bila homoni ya kushikisha maua? Jibu ni la kuchekesha, maana ni la zamani. Wanakodi mizinga ya nyuki na kuileta shambani wakati wa maua, ili kila tunda liwe na mbegu nyingi. Wanamwaga mchanga kila miaka michache, unafunika matawi yaliyolala, yanatoa mizizi mipya na vijiti vipya. Na wanapima azoti kwa mkono mgumu. Hili njo nilitaka akina ndugu wa shamba la shule walisikie: azoti ikizidi, kranberi inafanya sawasawa na yenye giberelini nyingi. Matawi marefu, majani ya kupendeza macho, matunda hakuna. Kisha wanangoja mwezi wa tisa na wa kumi, wanafungulia maji ndani ya shamba, mashine inapiga matawi, na matunda yanaelea juu yote, mekundu, kama blanketi. Nimeona picha yake. Ziwa zima jekundu na watu wamesimama ndani mpaka kiunoni. Wanahesabu kwa mapipa, kila pipa kilo 45 hivi, na Wisconsin peke yake inaweza kupita mapipa milioni 5 kwa mwaka mmoja.

Nirudi kwa kichupa. Tulikipeleka kwa mwalimu na kamusi ya Kiingereza. Juu yake iliandikwa kwamba ndani kuna giberelini, na kipimo kimeandikwa kwa herufi tatu, ppm. Maana yake ni sehemu moja ndani ya milioni moja. Kwa maji ni rahisi: 1 ppm ni miligramu 1 ndani ya litri 1. Basi gramu 1 ya dawa safi ndani ya litri 10 inakuwa 100 ppm. Ukitaka 10 ppm kwa litri 10, unahitaji miligramu 100 tu, yaani sehemu ya kumi ya gramu. Hakuna kijiko cha jikoni kinachoweza kupima hiyo. Mama mudogo alikuwa ametia vijiko viwili ndani ya ndoo, sababu muuzaji alimwambia «kidogo tu, vijiko viwili». Tulijaribu kuhesabu ni mara ngapi amepita kiasi, tukaacha, tarakimu zilitutia haya.

Nilimwandikia barua. Nilimwambia kwamba dawa haikuwa ya uongo na haikuwa vitamini. Vitamini, kama ni kulisha, muti utaipata ndani ya mavi ya ngombe na majivu. Ile ya kichupa hailishi kitu, inaamuru tu, na muti wenye njaa unatii vilevile mpaka unaanguka. Nilimwambia pia asiimwage ku mto, asikiweke kichupa karibu na chumvi, na asiwape watoto waoshe ile ndoo.

Amenijibu kwa mutu aliyekuja juma hili. Anauliza kama ile ndoo inaweza tena kutekea maji ya kunywa. Mwalimu anasema hapana, itobolewe chini, ipandwe maua.

Mwanafunzi wa mwaka wa 5, bio-shimi

Wenye maswali juu ya hesabu ya ppm wayaandike na kuyatia ndani ya sanduku la gazeti, karibu na mlango wa biblioteki.